UZI: Kuboresha kompyuta ya gemu huku rangi za ndani zikiendana

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu ni wa wenye kompyuta ya gemu ambayo tayari inafanya kazi, wanaotaka iongezeke kasi na hapohapo vya ndani viendane rangi. Anayeunga mashine mpya kwa mkupuo mmoja hana shida kubwa, yeye anachagua tu. Kazi iko kwa mwenye ubao mama mweusi, RAM nyekundu ya zamani, kipozeo cha rangi ya fedha na kadi ya grafiki yenye michirizi ya kijani, halafu mfuko unaruhusu kubadilisha kitu kimoja, au viwili kwa kujinyima.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kubisha aanze: kifaa kinachobeba kasi kichaguliwe kwa kasi yake, na rangi itafutwe kwenye vitu visivyogusa kasi, yaani waya, feni, taa na vifuniko. Kuna watu wanauza kadi nzuri kabisa, wanaongeza hela, wananunua iliyo dhaifu zaidi kwa kuwa ni nyeupe. Hela ni yao. Lakini hapo hakuna kilichoboreshwa.

Kwa hiyo kwanza jua mashine inakwama wapi. Fungua gemu unayoicheza sana, ondoa ukomo wa fremu (picha zinazoonyeshwa kwa sekunde), kisha tazama kadi ya grafiki inatumika kwa asilimia ngapi. Ikiwa iko 97 hadi 99 muda wote, kadi ndiyo imefika mwisho. Ikiwa inazungukazunguka kwenye 60 na hata ukishusha ubora wa picha fremu haziongezeki, mtazame prosesa au RAM. Anayecheza kwenye skrini ya 1080p hubanwa na prosesa mapema. Kwenye 1440p na 4K mzigo unahamia kwenye kadi.

Jibu la hapo ndilo linaloamua hata rangi. Mwenye bodi (ubao mama) ya AM4, soketi ya prosesa za AMD, anaweza kupachika prosesa ya Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022, akasasisha BIOS (programu ya ndani ya bodi), akabaki na bodi na RAM zake za DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5. Kwake bodi na RAM zinabaki kuwa rangi zilizo nazo, na kila kingine kizifuate. Anayehamia AM5, soketi mpya zaidi ya AMD, hana ujanja, AM5 inataka DDR5 tu, maana yake ananunua bodi na RAM upya, na hapo ndipo pa kuchagulia rangi. Upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, ila pengo la kwenye kijiti cha RAM liko sehemu tofauti, haviingiliani hata ukilazimisha. Sasa mtu ananunua RAM nyeupe ya DDR4 leo, na mpango wake ni kuhamia AM5 hivi karibuni. RAM hiyo haendi nayo popote.

Jambo la pili ni kutazama kwa jicho la mtu aliyekaa kwenye kiti, siyo kwa jicho la tangazo. Kadi ya grafiki ikiwa imelala kama kawaida, kupitia kioo cha pembeni unaona ubavu wake na bati la mgongoni. Feni zake zinatazama chini! Zikiwa nyeusi, buluu au za maua, huzioni. Kinachojaa machoni ni ule mkanda wa waya wa pini 24 unaoingia kwenye bodi, waya za kadi, RAM, na uso wa kipozeo. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa karibu kila mtu ni waya. Mashine yenye vifaa vya rangi mchanganyiko ukiivalisha waya za rangi moja zilizopangwa vizuri inatulia papo hapo.

Rangi ipi? Nyeusi na rangi moja ya kuichangamsha ndiyo njia nyepesi, kwa sababu vifaa vingi hutoka vyeusi na weusi mmoja haugombani na mwingine. Nyeupe tupu ndiyo ngumu kuliko zote. Hakuna "nyeupe" moja: kasha la kampuni hii lina ubuluu kidogo, feni za kampuni ile zina umanjano wa maziwa, na ukiziweka zikagusana tofauti inaonekana hata kwa asiyejua kompyuta. Dawa yake ni mbili. Vinavyogusana vitoke kwa mtengenezaji mmoja, au uvitenganishe na kitu cheusi au cha fedha katikati.

Na mnunuapo bodi "nyeupe", angalieni picha vizuri. Nyingi ni ubao mweusi uliofunikwa vyuma vyeupe vya kupozea, kama ROG Strix B550-A ya ASUS. Siyo vibaya, tena mimi naipenda hiyo mchanganyiko, ila mtu aliyetarajia theluji atashangaa.

Karibuni.

#2

Siti ya mbele. Ila mkuu, uzi wa rangi bila picha?

#3

Mleta mada, swali la waya. Pawa saplai yangu ni ile ya kuchomoa waya zote. Nimeshanunua seti ya waya nyeupe za kampuni nyingine, nimejaribisha plagi bila kuwasha, zinaingia vizuri kabisa kwenye pawa saplai. Naweza kuendelea?

#4 – Mleta mada

Mkuu #3, usiwashe. Chomoa sasa hivi, kisha urudi kusoma.

Upande wa waya unaoingia kwenye bodi au kadi una mpangilio unaofanana dunia nzima. Upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna kanuni hiyo. Kila mtengenezaji hupanga volti 12, volti 5, volti 3.3 na ardhi anavyojua, na hata pawa saplai mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Plagi kuingia haimaanishi chochote. Pale ambapo diski yako inategemea volti 5 inaweza kupokea 12, na hapo diski imekwenda na kila kilichomo.

Una njia mbili salama. Nunua seti iliyoandikwa kwa modeli ileile ya pawa saplai yako, au nunua waya za kurefusha. Hizi za kurefusha zinaungwa kwenye ncha ya waya zako za asili, upande wenye kanuni, kwa hiyo zinafanya kazi na pawa saplai yoyote. Ubaya wake ni unene: nyuma ya sahani ya bodi utakuwa na waya za asili pamoja na hizo mpya, na kasha jembamba mlango wa nyuma unagoma kufungwa. Pima nafasi hiyo kabla.

Kuna sehemu moja ambayo mimi huiachia rangi ishindwe. Plagi ya pini 16 ya kadi mpya za NVIDIA, iliyokuja na kiwango cha ATX 3.0 mwaka 2022, inaruhusiwa kupitisha hadi wati 600. Mwaka huohuo zikatoka taarifa za plagi kuyeyuka kwenye RTX 4090, na NVIDIA ikasema chanzo ilikuwa plagi ambazo hazikuingizwa hadi mwisho. Baadaye ikaja 12V-2x6, ambayo pini zake ndogo za kuhisi zimefupishwa ili plagi ikiwa nusu kadi isivute umeme mkubwa. Hapo tumia waya mmoja mzima kutoka kwenye pawa saplai hadi kwenye kadi, usiweke viunganishi vya urembo katikati, sukuma hadi mwisho, na uache waya unyooke kidogo kabla ya kuukunja. Kama kioo hakifungi bila kuuminya waya, kasha ni jembamba, hakuna cha kujadili.

#5

Mimi nafunika kasha na kucheza. Rangi haiongezi hata fremu moja.

#6

Kila uzi lazima aje mmoja wa hivi 😂 Mkuu #5, hata ngozi ya silaha kwenye gemu haiongezi risasi, mbona unanunua?

#7

Niongezee upande wa taa, maana ndiko watu wanakochoma vitu.

Kwenye bodi kuna soketi za taa za aina mbili na watu wanazichanganya. Ya volti 12 ina pini nne, na taa zote kwenye mnyororo zinawaka rangi moja kwa wakati mmoja. Ya volti 5 ina pini tatu, na nafasi moja imeachwa tupu. Hiyo kila taa inapokea amri yake, ndiyo ile inayofanya upinde wa mvua utembee. Ukichomeka taa za volti 5 kwenye soketi ya volti 12 zinakufa. Ile nafasi tupu ipo kukuzuia, lakini kuna watu wana nguvu. Soma maandishi kwenye bodi, usikisie kwa umbo.

Halafu kuna ukomo ambao tangazo la feni halikuambii. Soketi ya volti 5 kwa kawaida hubeba ampia 3. Taa moja ndogo ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inaweza kula karibu miliampia 60. Gawanya, unapata taa 50 hivi. Feni za siku hizi zenye taa pembeni na katikati zinaweza kufika hapo upesi, na dalili yake ni feni za mwisho kwenye mnyororo kuwaka za njano au nyekundu wakati umeagiza nyeupe. Tafuta kigawio cha taa kinachochukua umeme kwenye plagi ya SATA ya pawa saplai, kikachukua ishara tu kwenye bodi.

Sasa kuhusu kuoanisha. Taa hizi hutengeneza nyeupe kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, na kila kiwanda kina taa zake. Ndiyo maana ukiagiza nyeupe kila mahali, RAM inatoka na ubuluu, feni zina uwaridi, kipozeo kina ukijani. Usiviachie vyote 255, 255, 255, yaani nyekundu, kijani na buluu zote kwa kiwango cha juu. Chukua kile usichoweza kukirekebisha vizuri kiwe kipimo, kisha shusha buluu au kijani kwenye vingine hadi jicho liridhike. Usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa, kazi hii ni rahisi zaidi. Anayetaka amani achague nyekundu tupu, kijani tupu au buluu tupu, maana hapo inawaka taa ya aina moja na tofauti inapungua sana. Chungwa na waridi ndizo zinazoumbua kila kitu.

Na wenye kasha jeupe, shusheni mwanga. Weupe unarudisha mwanga wote, mashine inakuwa kituo cha mafuta usiku.

#8

#7 umeupiga mwingi. Programu je? Mimi nina programu ya bodi, ya RAM, ya feni, na ya kipanya. Zote zinafunguka kompyuta ikiwaka na zinagombana.

#9 – #7 tena

Chagua moja ifanye kazi ya wote, nyingine uziondoe kabisa, siyo kuzifunga tu. OpenRGB ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inatambua vifaa vya kampuni nyingi, japo angalia orodha yao kabla hujanunua kifaa. Windows 11 nayo tangu 2023 ina sehemu yake ya taa, inaitwa Dynamic Lighting, lakini inaendesha tu vifaa vilivyotengenezwa kuielewa. Vifaa vingine vina kumbukumbu ndani; unaweka rangi mara moja, unaihifadhi kwenye kifaa, unafuta programu. Hivyo ndivyo vizuri kuliko vyote kwa mtu ambaye rangi yake haibadiliki.

Jambo dogo: mifumo ya kuzuia udanganyifu kwenye baadhi ya gemu huzikataa dereva za programu za taa. Gemu likigoma kufunguka baada ya kuweka taa mpya, anzia hapo.

#10

Mleta mada, RAM yangu ni vijiti viwili vya DDR5, sloti mbili zimebaki tupu na mapengo yale yananikera. Nikiongeza viwili vya rangi ileile si kila kitu kitakuwa sawa?

#11 – Mleta mada

Kwa macho, sawa. Kwa kasi, unaweza kurudi nyuma. Kwenye Ryzen 7000, AMD wenyewe wanaahidi DDR5-5200 kwa vijiti viwili, lakini vikiwa vinne ahadi inashuka hadi DDR5-3600. Watu wengi huvuka namba hizo kwa EXPO (mpangilio wa BIOS unaoikimbiza RAM kwa kasi iliyotangazwa), ila vijiti vinne daima ni vigumu kuvituliza. Tena seti mbili zilizonunuliwa nyakati tofauti, hata jina likiwa lilelile, chipu za ndani zinaweza kuwa za viwanda tofauti. Ukitaka GB nyingi zaidi, uza hivyo viwili ununue viwili vikubwa.

Kwa ajili ya mapengo kuna vijiti bandia: vina taa na kifuniko tu, ndani hakuna kumbukumbu. Corsair wamewahi kuuza seti za namna hiyo. Kasi haiguswi, sloti zinajaa, moyo unatulia. Hakikisha tu viwili vya kweli vimekaa sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, kama kitabu cha bodi kinavyosema kwa bodi nyingi, na uwashe EXPO, au XMP ambayo ni ya upande wa Intel, kwenye BIOS. Wapo watu wenye RAM inayowaka kama harusi lakini inakimbia kwa kasi ya chini ya kiwandani kwa sababu hawakuwahi kuigusa BIOS.

Mwenye kipozeo kikubwa cha hewa apime urefu wa RAM pia. NH-D15 ya Noctua feni ya mbele ikiwa mahali pake inaacha nafasi ya RAM yenye urefu wa milimita 32 tu, wakati kijiti kama Vengeance RGB Pro kina kama milimita 51. Feni ikipandishwa juu, kioo cha kasha nacho kinaweza kugusana nayo, maana kipozeo chenyewe ni milimita 165. Na kwa kuwa tumemtaja Noctua: zile feni zake za kahawia hazimfai kila mtu, ndiyo maana wakatoa chromax.black, zilezile kwa weusi.

#12

Kuhusu feni na mimi nina neno. Feni ina uso mzuri na mgongo mbaya wenye mikono ya plastiki. Feni ya kuingiza hewa iliyo pembeni au chini ya kasha inakuonyesha mgongo. Mtu anaigeuza ili aone uso, kumbe amegeuza na hewa, mashine yote inatoa na hakuna inayoingiza, joto linapanda. Tafuteni feni zenye mapanga yaliyogeuzwa, kampuni kadhaa zinazo sasa. Uso unatazama ndani na hewa bado inaingia.

#13

Je, naweza kupaka rangi kadi ya grafiki? Ninayo nyeusi, inafanya kazi vizuri, sitaki kuibadilisha.

#14

Mkuu #13, mimi ndiyo shughuli yangu hiyo. Inawezekana ila kubali kwamba waranti unaweza kuiaga.

Kinachopakwa ni ganda la plastiki peke yake, likiwa limefunguliwa na kuwekwa mbali na kadi. Usipulizie rangi mapezi ya kupozea, wala mapanga ya feni, maana tabaka lisilo sawa linaiyumbisha feni na inaanza kulia. Ubao wenyewe usiusogelee. Osha ganda, lifute kwa spiriti ya isopropili, lipitishie msasa laini ili ung'avu uondoke, weka rangi ya awali ya plastiki, kisha rangi yenyewe kwa matabaka membamba mengi. Anayetaka kumaliza kwa tabaka moja zito ataona michirizi. Liache likauke kabisa, siyo kukauka kwa kugusa tu, kwa sababu kadi ikipata joto harufu ya rangi mbichi itajaa chumbani.

Ukifungua kadi hadi kwenye chuma cha kupozea, zile pedi laini za joto juu ya chipu za kumbukumbu huchanika. Uwe na za kubadilishia zenye unene uleule, pamoja na pasta mpya. Kwa asiyetaka yote hayo, karatasi ya vinaili kwenye ubavu na bati la mgongo inatosha, inabanduka ukiichoka. Usizibe matundu ya hewa, na usitumie karatasi yenye chuma ndani yake, ile inapitisha umeme.

#15

Nyeupe haigeuki njano?

#16 – #14 tena

Plastiki nyeupe inageuka, hasa ya ABS, kwa mwanga wa jua na joto. Chuma kilichopakwa rangi ya unga kiwandani kinavumilia zaidi. Ndiyo maana baada ya muda kasha linabaki jeupe na fremu za feni zinaanza kufanana na meno ya mvutaji. Weka mashine mbali na dirisha. Nyeusi nayo ina adhabu yake, vumbi linaonekana kila siku.

#17

Nimesoma yote. Hali yangu: Ryzen 5 3600, bodi nyeusi ya B450, RAM nyekundu GB 16 za DDR4, kasha jeusi, waya za rangi mchanganyiko, kadi ya grafiki nyeusi na fedha. Nacheza 1080p na kadi haifiki hata asilimia 70. Nataka nyeusi na nyekundu. Nianze wapi?

#18 – Mleta mada

Mkuu, wewe una bahati, RAM yako ndiyo rangi yako. Iache.

Kadi kutofika 70 kwenye 1080p inaelekeza kwa prosesa. Tafuta 5700X3D au 5800X3D, hata iliyotumika. Sasisha BIOS kwanza ukiwa bado na 3600, kwa sababu bodi za B450 zilitoka kabla ya prosesa hizo na bila BIOS mpya haitawaka. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows), toa ufunguo wa kurejesha uuandike pembeni kabla ya kugusa chochote. Ukibadilisha prosesa, TPM ya ndani yake (sehemu inayotunza funguo) inabadilika na Windows itauomba. Kipozeo cha kiwandani cha 3600 hakitoshi kwa X3D, kwa hiyo kipozeo kipya ndiyo nafasi ya kuweka kitu cheusi kikubwa katikati ya picha.

Kisha waya za kurefusha nyeusi zenye nyuzi chache nyekundu, za pini 24 na za kadi. Za prosesa kule kona ya juu hazionekani sana, zinaweza kusubiri. Taa weka nyekundu tupu kama #7 alivyosema. Feni zako za sasa kama ni nyeusi na hazipigi kelele, usizibadilishe.

#19

Shukrani mkuu. Na kibodi?

#20

Kibodi fungua uzi wake, hapa tutakesha.